Mikono Aliyoitazama Baba

Kila alasiri Uzi alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akamwamkia baba yake, kisha akaketi mbele yake na kuchukua mkasi. Jina la Uzi alipewa na baba mwenyewe kwa wembamba wake, enzi zile baba alipokuwa fundi cherehani asiyemwacha mteja aondoke bila kutaniwa. Sasa kiharusi kilikuwa kimemwachia ulimi mzito na mkono wa kulia uliolala pajani.

Daktari wa mazoezi ya viungo alikuwa amewaeleza jambo ambalo Uzi aliliona kama mzaha. Mtu akimtazama kwa makini mwenzake akifanya kazi anayoijua, alisema, sehemu za ubongo zinazoongoza kazi hiyo huchangamka, karibu kama naye anaifanya. Kwa hiyo Uzi akate kitambaa polepole, baba atazame, kisha ajaribu mwendo uleule. Kutazama peke yake hakutoshi, lakini huufungulia mkono njia.

Tatizo halikuwa kukata, bali macho ya baba. Aliikodolea mikono ya binti yake, na zamu yake ilipofika, vidole vilitikisika kidogo tu, machozi yakamtiririka. Uzi hakuwa amewahi kumwona baba akilia, na moyo ulimvunjika. Alasiri moja akaurudisha mkasi kwenye droo na kukigeuza kiti cha baba kielekee dirishani, atazame wapita njia. Alijiambia kwamba anampumzisha.

Mama aliporudi kutoka kiwandani aliuliza kama walifanya mazoezi. Uzi akasema ndiyo. Mama akamgeukia mumewe, naye akaitikia kwa kichwa. Ikawa hivyo jioni baada ya jioni: mtoto anadanganya, baba anamfichia, na mkono unazidi kukakamaa.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya kurudi kliniki, daktari alijaribu kuvikunjua vile vidole, baba akauma meno kwa maumivu. Daktari akamwambia mama kwa upole kwamba huenda njia hii haimfai mgonjwa wao, afadhali waiache na kukubali kuwa mkono hautarudi. Mama akajifunika uso kwa viganja. Baba akainama, na bado hakumtaja mtu.

Uzi, aliyekuwa amefuatana nao, alisogea mbele.

"Daktari, tusiiache," alisema. "Hatukufanya mazoezi. Mimi ndiye niliyeacha, nikamdanganya mama. Sikuweza kumwona baba akilia."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Baba ndiye aliyehangaika na ulimi wake, akitafuta neno moja baada ya jingine.

"Usinihurumie, mwanangu," alisema. "Nionyeshe."

Walianza upya. Baba alilia siku nyingi, Uzi akalia naye, na mkasi ukaendelea kukata. Daktari hakuwaficha kwamba muda uliopotea ulikuwa wa thamani, na huenda baba asishone tena. Kweli hakushona. Cherehani ilikwenda kwa fundi mwingine.

Lakini asubuhi moja, Uzi akiwa anavaa sare, baba alimwita kwa ishara ya kichwa. Akanyoosha mkono wa kulia, akashika kifungo cha kola ya binti yake. Kikamponyoka. Akakishika tena. Saa ya kwenda shule ikapita, wala Uzi hakusogea, mpaka kifungo kikaingia tunduni.

Mama alikuwa amesimama nyuma yao.

"Uongo ulitugharimu, mwanangu, na ukweli wako ndio uliotuokolea hiki kidogo," alisema. "Mgonjwa hasaidiwi na huruma inayomkimbia. Husaidiwa na anayekaa mbele yake, hata kama wote wawili wanalia."

Uzi aliondoka mbio kwenda shule. Kola ilimbana shingo siku nzima, naye hakuifungua.