Lango la Bondeni

"Mgeni yumo jikoni," sauti ikakwaruza redioni. "Nungu, umenipata?"

"Nimekupata."

Nungu akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikapasua maji barabarani. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na jasusi huyo alikuwa amechoka hadi kwenye uboho. Goti lake lilinung'unika kama mke mwenza.

Kwa lugha yao ya siri, jikoni ni chumba cha mitambo cha lango la maji. Mgeni ni mtu wa genge la kigeni, aliyeingia jijini akijiita Mshauri.

Jiji lilikuwa limepangwa upya, safari hii kila kitu kikimjua mwenzake. Barabara ziliteremshia maji mitaroni, mitaro ikayafikisha langoni, lango likayamwaga bondeni, matete yakayachuja hadi visimani. Bonde halikujengwa hata kibanda.

Genge lililitaka kwa maghorofa.

Lango likifungwa leo, maji yatarudi majumbani. Watu watakufa. Watakaopona wataulaani mpango, na bonde litauzwa.

Nyumba ya kwanza chini ya mtaro ilikuwa ya mdogo wake Nungu, mwenye mapacha wachanga.

Alimpigia mara tatu. Simu haikupokelewa.

Alifika. Mlango ulikuwa na kufuli la umeme. Akabandika kidude mfano wa kifungo cha shati. Kufuli likalia, likaachia.

Fundi wa lango alikuwa sakafuni, kafungwa mikono. Mshauri alisimama kando ya mota inayofuka moshi.

"Umechelewa, dada," alisema. "Lango limeshashuka, na mota ndiyo hiyo, nimeiunguza."

Akachomoa bastola.

Glock ya Nungu ilitangulia. Mshauri akaanguka, bega limechanika.

Nungu akampiga pingu, akamkata fundi kamba.

"Kuna njia nyingine, fundi?"

"Kuna gurudumu la mkono. Ila linataka watu wanne."

"Tupo wawili."

"Basi tutachoka kwa niaba ya wengine."

Nimeshachoka kwa niaba ya nchi nzima, Nungu aliwaza, akashika chuma.

Gurudumu liligoma. Nje, maji yalikuwa yameanza kupanda ngazi. Wakavuta tena. Goti likalia ko. Aliuma meno, akawafikiria wale mapacha, akavuta.

Chuma kikaguna. Lango likainuka shibiri, kisha dhiraa.

Maji yakanguruma kuelekea bondeni.

Simu ikatetemeka. Mdogo wake.

"Dada, ulinipigia? Nilikuwa nanyanyua watoto juu ya kabati. Maji yalifika kizingitini, mara yakageuka yenyewe. Bahati ilioje."

"Bahati kweli. Wafunike watoto."

Akakata, akashika redio. "Maji yanapita. Njooni mumchukue mgeni, anavuja."

Fundi aliketi akihema. "Wakubwa wakiuliza nani kafungua lango, niseme nani?"

"Sema limefunguka."

Nungu akarudisha Glock kiunoni, akatoka mvuani, akichechemea bila haraka.