Mstari Hafifu wa Fortunata

Nyumba ya Fortunata iko ukingoni mwa mtaa wa Izia, pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya ulezi yanapoanza. Tangu tarehe ishirini Mei aliishi humo peke yake. Mumewe, Valerian, ni fundi wa kupaua. Alikuwa ameshuka Wampembe, ziwani, kuezeka madarasa. Kila jioni Fortunata alisonga ugali wa mtu mmoja. Siku nyingine alisahau, akasonga wa wawili.

Tarehe kumi na tano Juni alishinda shambani akivuna ulezi. Jua lilikuwa kali, akanywa maji mengi. Akirudi alipita duka la dawa, akanunua kijiti cha kupima mimba. Hakuweza kusubiri asubuhi. Alipima alasiri ileile. Mstari wa kwanza ulikolea. Wa pili ulitokea hafifu, kama umechorwa kwa kalamu inayoishiwa wino.

Kwa miaka minne ya ndoa walikuwa wakiusubiri mstari huo. Fortunata alicheka peke yake jikoni. Akaupiga picha, akamtumia mumewe.

Jibu lilikuja baada ya saa moja.

"Adolfu anasema mstari hafifu ni mimba ya wiki moja tu. Mimi nina karibu wiki nne huku. Ni ya nani?"

Adolfu ni fundi mwenzake Valerian. Anajua misumari na mbao. Mimba haijui, lakini hilo halikumzuia kusema.

Fortunata alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake, na siku iliyofuata. "Labda ni mtandao," alijiambia, huku akijua si mtandao. Aliacha kwenda kwenye sala za jumuiya, kwa kuogopa kuulizwa habari za mumewe. Alikuwa na mtoto tumboni, na hakuna wa kumwambia. Upweke ule ulimuuma kuliko kichefuchefu.

Siku ya tisa Kija alibisha hodi na chupa ya maziwa. Kija ni jirani. Familia yake ilihamia hapo na ng'ombe kutoka Shinyanga. Yeye pia ni mhudumu wa afya wa mtaa.

"Dada Fortunata, mbona kimya? Unaumwa?"

Fortunata alijaribu kusema haumwi, akaangua kilio. Akamwonyesha picha na ujumbe. Kija alisoma, akasonya.

"Ulipima saa ngapi?"

"Alasiri. Nilikuwa nimetoka shambani."

"Ulikunywa maji?"

"Mengi mno."

"Basi mkojo ulikuwa mwepesi, na mstari ukatoka mwepesi. Na vijiti vyenyewe havifanani. Kipimo hiki kinajibu swali moja tu: mimba ipo au haipo. Hakihesabu wiki, hata mstari ukiwa mweusi kama masizi. Sasa niambie, siku zako za mwisho zilianza lini?"

Fortunata alifikiri. "Mei Mosi. Jumuiya ilisali hapa kwangu, na mimi tumbo linaniuma huku nikigawa chai."

"Na mumeo aliondoka tarehe ishirini. Kwa wengi mimba hutunga kama wiki mbili baada ya siku hizo kuanza. Mlikuwa wote humu ndani! Nipe namba yake."

Valerian alipokea, maana namba ilikuwa ngeni.

"Shemeji, ni Kija, jirani yako. Mkeo anakonda. Wewe umesoma mimba kwa picha ya simu? Panda gari uje. Kliniki wanataka mje wawili."

Alifika kesho yake. Alisalimia akiwa amesimama mlangoni, kama mgeni. Fortunata alimpa maji ya kuoga. Kisha akarudi jikoni peke yake.

Tarehe ishirini na sita walikwenda hospitali. Muuguzi, mama mtu mzima aitwaye Cornelia, aliandika Mei Mosi kwenye kadi.

"Sisi huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho," alisema. "Leo ni wiki nane. Mimba yenyewe ilitunga kama wiki sita zilizopita. Msichanganye hesabu hizo mbili. Twendeni kwenye ultrasaundi tuhakikishe. Ikifanywa mapema hivi, hukosea kwa siku chache tu."

Mtaalamu alimpima mtoto kwenye kioo. "Wiki nane," alisema. "Na moyo huo hapo, unapiga."

Valerian alihesabu kwa vidole, akarudia. Kisha akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mke wangu."

"Ungeniuliza mimi," Fortunata alisema. "Siku tisa, Valerian. Nilifurahi peke yangu, nikalia peke yangu."

Valerian alimshika mkono mpaka nyumbani. Tangu hapo hakukosa kliniki hata moja.

Mtoto alizaliwa wiki ya kwanza ya Februari, kama kadi ilivyosema. Wakamwita Benjamini.

Mvua zilipokwisha, Valerian alirudi Wampembe kumalizia kazi. Mchana mmoja kijana wa ujenzi alimletea simu. "Fundi, mke wangu katuma hii. Mstari hafifu. Hiyo ni wiki ngapi?"

Adolfu alifungua mdomo. Valerian alimzuia kwa mkono.

"Kijiti kimesema ipo. Tarehe muulize mkeo, kisha nendeni kliniki," alisema. "Na mpigie sasa hivi. Yuko peke yake."