Kanda za Noela

Kila jioni, akishachota maji, Lidwina alikutana na wenzake watatu uani kwao Msamala kufanya mazoezi ya wimbo wa kujikinga na kipindupindu, wa mashindano ya shule. Walikuwa na kanda moja tu. Wakibadilisha ubeti, walirekodi juu ya ule wa zamani.

Darasani mwao, kundi la Noela lilikuwa na kanda tele. Baba yake alifungua duka la redio mara tu masharti ya biashara yalipolegezwa, kwa hiyo kila walipobadilisha wimbo wao waliurekodi kwenye kanda nyingine, wakaandika siku na jina la aliyebadilisha. Darasa zima la sita lilizisifia kanda hizo. Lidwina roho ilimuuma.

"Wanaringa tu hao!" aliwaambia wenzake. "Sisi tutaonekana washamba."

Siku moja aliazima kanda mpya ya Noela, eti akaisikilize. Nyumbani alijifungia chumbani, akabonyeza kitufe chekundu cha redio, akaiacha irekodi kimya mpaka wimbo wote ukafutika.

Kesho yake aliirudisha, na Noela akaicheza kwenye redio darasani mbele ya Mwalimu Benigna. Kimya. Ghafla ikasikika sauti ya mama mmoja: "We Lidwina! Kuku wameingia jikoni, umejifungia unafanya nini humo?"

Darasa likaangua kicheko. Lidwina alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema huku akilia. "Nilimwonea wivu. Noela, nisamehe."

Noela alikuwa amevimba kwa hasira. "Kanda ya Jumanne ipo, ila ubeti wa mwisho haumo. Utakuja kutusaidia mpaka tuukumbuke."

Jumamosi nzima Lidwina alikaa nao, wakirudiarudia kanda ya zamani, mpaka ubeti ukapatikana.

Jumatatu Mwalimu Benigna alimwita. "Umejua kwa nini wanatunza kanda zote?"

"Ndiyo, Mwalimu. Wako wengi, na wanakaa mbalimbali, wengine Matogoro, wengine Mjimwema. Asiyekuwepo anasikiliza ajue kilichobadilika."

"Na ninyi?"

"Sisi ni majirani. Tukibadilisha, wote tupo."

"Basi kanda moja inawatosha," alisema Mwalimu. "Kila kundi hutunza kazi yake kwa namna inayolifaa. Wivu ulikuonyesha kanda, ukakuficha sababu yake. Siku nyingine ukitamani cha mwenzako, muulize kwanza kinamsaidia nini. Huenda wewe hukihitaji kabisa."