Mtungi Uliobisha Hodi

Mtungi ulikuwa umetoka tanurini siku arobaini zilizopita, na bado ulikuwa unalia.

Meizhu, mke wa Fundi Cheng Baiyan, ndiye aliyeusikia kwanza, mchana, akikata figili jikoni. Ting. Hakushtuka. Mji mzima wa Jingdezhen ulijua kwamba kauri za mtindo wa kale, zile zenye nyufa nyembamba kama mishipa ya jani, hulia zikipoa. Lakini hulia siku tatu nne tu, zikanyamaza.

"Mume wangu, huu mtungi wako una nini?"

"Unapoa."

"Tangu mwezi uliopita? Hata hasira za mama yako zilikuwa zinapoa upesi kuliko hivyo."

Cheng hakucheka. Aliufunika mtungi kwa kitambaa, akaenda kazini.

Kaizari alikuwa ameleta kutoka Beijing mtungi mmoja wa enzi za wafalme wa Song, wenye umri wa miaka mia sita, na amri kwamba itengenezwe mingine kumi na miwili, jicho lisiweze kuitofautisha. Mafundi walihangaika miaka miwili. Aliyeivumbua upya rangi yake, ile ya mbingu baada ya mvua, alikuwa Nie Asheng, rafiki wa Cheng tangu utotoni. Asheng alifia tanurini siku ileile kazi ilipofanikiwa. Mitungi kumi na miwili ilikwenda Beijing. Wa kumi na tatu Cheng aliubeba nyumbani, akasema ni kumbukumbu ya rafiki yake.

Siku ya arobaini na moja mlio ulibadilika. Haukuwa ting tena. Ulikuwa ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi kwa kifundo cha kidole.

"Karibu!" Meizhu aliitikia, akafungua mlango. Uani hapakuwa na mtu. Aliporudi ndani alikuta harufu ya mikeka mibichi inayoungua, na chini yake harufu nyingine, ya nywele.

"Unasikia?" alimnong'oneza mumewe.

"Sisikii kitu."

Lakini jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni, na Meizhu alipougusa mtungi ule ulikuwa wa moto, wa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na ndani yake, alipoinama huku kitambaa kikiwa kimeanza kufuka moshi mkononi, alisikia pumzi za mtu, fupi, kavu, za mtu aliyechoka kuita, zikikaribia mdomo wa mtungi, zikikaribia, mpaka zikampuliza shavuni.

Walimwita kuhani wa dini ya Kitao aitwaye Pang, mtu mnene mwenye haraka. Alichoma ubani, akasikiliza, akauzima ubani kwa vidole.

"Huyu simfukuzi," alisema. "Hajakosea nyumba. Fundi, anakudai nini?"

Cheng alimtazama mkewe, kisha sakafu.

"Aliingia tanurini kuangalia rangi, amejifunika mikeka mibichi kujikinga na joto," alisema polepole. "Alipitia tundu dogo tulilolifungua. Wenzetu walikuwa wamekwenda kula. Nguzo ya makasha ya udongo ya kuchomea mitungi ikamwangukia miguuni. Akagonga ukuta. Kumtoa ingebidi nivunje mlango wote, na baridi ingeingia, na mitungi ingepasuka yote."

"Ulituambia hukusikia kitu," Meizhu alisema.

"Nilisikia. Nikajiambia nihesabu mpaka mia, joto lishuke kidogo. Nikahesabu tena. Alikuwa ananiita, 'Baiyan, acha utani.'"

Meizhu alijifunika mdomo. Pang alifunga mkoba wake.

"Hayo usiniambie mimi. Asheng ana mama."

Asubuhi Cheng aliubeba mtungi mpaka kwa Mama Nie, kikongwe aliyeishi peke yake karibu na mto, akipasua mbegu za tikiti. Alipiga magoti kizingitini akasema yote, pamoja na kule kuhesabu. Mtungi uligonga kifuani pake muda wote.

Mama Nie hakulia wala hakumpiga. Aliinua uso.

"Hiyo ni sauti yake?"

"Ndiyo, mama."

"Nipe."

Aliupakata kama mtoto. Mlio ukakatika. "Asheng," aliuita, akiupapasa shingoni. "Asheng, ni mama yako. Gonga, mwanangu." Alingoja sana. Kauri ilikuwa baridi.

Cheng alihisi mwili mzima ukiwa mwepesi. Akainuka taratibu, akasogeza mkono kuuaga mtungi.

Ngo, ngo, ngo.

Kikongwe aliushika ule mkono kwa nguvu ambazo hakutarajiwa kuwa nazo, akaubana palepale juu ya kauri, ambayo ilikuwa imeanza kuchoma.

"Kumbe mpaka uwepo wewe," alisema, machozi yakimtoka sasa. "Basi kaa. Na kesho uje. Uje kila siku, Baiyan, mpaka nife, nimsikie mwanangu."

Cheng akakaa.