Barua za Uko Salama

"Kipanga, boksi lisipande ndege," sauti ya Mkuu ilikwaruza sikioni. "Una dakika nne."

Kipanga alikuwa mbioni.

Mbele yake, fundi wa maabara alikatiza kati ya makontena ya uwanja wa ndege, boksi jeupe la barafu kifuani. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwapima wanawake ambao mama au dada zao waliuawa na saratani ya ovari. Alitafuta hitilafu kwenye BRCA1, jeni inayosaidia kuzuia seli zisigeuke saratani. Waliokutwa nayo aliwapa barua ya uongo: Uko salama. Damu yao na majibu ya kweli akawauzia wageni waliotaka kuuona ugonjwa ukikua bila kutibiwa.

Wawili walishazikwa.

Jua la saa nne lilichoma lami. Injini ya ndege ilinguruma.

Mlinzi wa wageni akachomoza nyuma ya ngazi, bastola mkononi.

Kipanga alipiga goti. Glock yake ikalia mara moja.

Mlinzi akaanguka, bega limechanika.

"Simama!"

Fundi akageuka, akihema. "Ukisogea naliangusha! Hutapata kitu!"

"Liangushe. Damu watatolewa nyingine. Mimi nataka hiyo flashi shingoni mwako, yenye majibu ya kweli."

"Mimi sikuua mtu. Ni jeni zao tu."

"Walikuja mapema wapone. Wewe ukawarudisha nyumbani."

Kitako cha bastola kikamlaza chini.

Kipanga alichomeka flashi kwenye kishikwambi chake. Majina arobaini na moja. Alipofika la kumi na tisa, kidole kiliganda.

Mdogo wake. Wa tumbo moja.

"Kipanga, hali?"

"Boksi ninalo. Fundi ninaye. Wapigieni wote leo hii, Mkuu. Wa kumi na tisa niachieni."

Simu iliita mara mbili.

"Dada! Leo umenikumbuka saa za kazi?"

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Tumbo limejaa gesi tena. Wiki ya tatu hii, hata sketi hazifungi."

Kipanga alifumba macho. Tumbo kujaa hivyo ni dalili ya saratani ya ovari.

"Vaa viatu. Nakuja kukuchukua twende hospitali. Majibu yale yalikuwa ya uongo."

Mlango wa kabati ulisikika ukifunguliwa.

"Nibebe nguo za kulala?"

"Beba, mdogo wangu."

Askari walikuwa wanafika. Kipanga aliwakabidhi fundi, boksi na flashi, akafutika bastola kiunoni, akatembea taratibu kuelekea kwenye gari.