Bwana Marashi Alipoacha Lango

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hata leo ukimuuliza hatakubishia. Atakuna kisogo, atatazama viatu vyake, kisha aseme, "Mjinga nilikuwa mimi. Endelea."

Mambo yalianza Jumamosi moja, katika duka kubwa lililofurika watu. Alikuwa kwenye foleni, amekumbatia vipande kumi na viwili vya sabuni na chupa tatu za marashi. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye gauni la njano la mifuko mikubwa, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni kama mkufu.

"Kaka, unaoga peke yako au na ukoo mzima?"

"Na ofisi nzima, dada."

"Ofisi gani hiyo inayochafuka hivyo?"

"Maji," alijibu. "Niko idara ya maji. Mezani. Mafaili."

Uongo ulitia mguu hapo. Maji aliyajua kweli, ila ni yale ambayo mtu akishayamwaga chooni hataki kuyasikia tena. Alikuwa fundi wa mtambo wa majitaka, nje kabisa ya mji, na katika miaka sita hakuwahi kumwambia mwanamke yeyote jambo hilo akamwona tena.

Mapenzi yakakolea. Yeye akaitwa Bwana Marashi. Mwanamke alikuwa mshonaji mwenye duka lake, akaitwa Fundi.

"Bwana Marashi, umekula?" Fundi alikuwa akimuuliza kwenye simu.

"Nikisikia sauti yako tu nashiba, Fundi wangu."

"Basi leo sipiki."

"Aa! Sijashiba kiasi hicho!"

Kila walipokutana alikuwa ameshaoga mara tatu. Siku moja ulimi ukamponyoka, akamsimulia kwamba mtambo wa majitaka unapanuliwa, matangi mapya yanajengwa kando ya yale makuukuu, na kazi yote inafanyika huku mtambo ukiendelea kufanya kazi.

"Si mngeufunga mwezi mmoja tu?"

"Na mji tuuambie ujizuie?"

Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano. "Wewe wa mafaili, unajua mengi!"

Ikafika siku ya kuhamisha maji kutoka tangi la zamani kwenda jipya. Mwenzake alishika gurudumu la lango linaloingiza maji kwenye tangi la zamani ili alifunge polepole. Yeye akashika la lango la tangi jipya ili alifungue kwa mwendo uleule. Hawaonani, katikati kuna ukuta. Sheria ni moja: aliyeshika gurudumu haliachi mpaka mwenzake aseme.

Alikuwa amefungua robo tu alipoona gauni la njano likiingia uani, limefuatana na msimamizi. Fundi alikuwa amepata kazi ya kushona ovaroli mpya za mafundi, na alikuwa amekuja na daftari kuwapima. Hakumwambia mpenzi wake. Alitaka akishamaliza aulize ofisi ya mafaili iko wapi, amshtue.

Bwana Marashi aliachia gurudumu, akaruka nyuma ya rundo la mchanga, akachuchumaa kama mwizi wa kuku.

Huku nyuma mwenzake akaendelea kufunga. Maji yakakosa pa kwenda. Yakapanda, yakavuka ukingo wa mfereji, yakatambaa uani mpaka kwenye viatu vyeupe vya Fundi.

"Nani yuko langoni?" msimamizi alinguruma.

Bwana Marashi alichomoka mchangani, akajitosa mpaka magotini, akazungusha gurudumu. Maji yaliposhuka akainua uso. Fundi alikuwa anamtazama, viatu mkononi.

"Nilikuona ulipojificha," alisema, akaondoka pekupeku.

Hakuna aliyemgombeza. Wenzake walichukua mipira ya maji wakaosha uwanja kimyakimya, na afadhali wangemtukana. Mwenzake alisema neno moja tu: "Nilifunga kwa sababu nilijua upo." Lilimchoma kuliko kofi.

Jioni akapiga simu.

"Fundi, nisikilize..."

"Unanionea haya mbele ya wenzako? Kwa kuwa nashona nguo?"

"Hapana! Mimi ndiye..."

Simu ikakatwa. Akapiga tena, na tena. Mara ya nane ikapokelewa na mama mtu.

"Shikamoo, mama. Naomba kuongea naye."

"Marahaba. Anafua viatu."

"Nitapiga kesho?"

"Kesho pia anafua viatu."

Siku ya tatu, mchana kweupe, aliingia dukani kwa Fundi akiwa na ovaroli yake kuukuu iliyochanika kwapani. Hakuoga. Hakujipaka tone la marashi. Wateja wawili wakaziba pua wakatoka.

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Leo idara ya maji inanuka."

"Ndiyo harufu yangu. Ile nyingine nilikuwa nainunua. Sikukuonea haya wewe. Nilijionea haya mimi. Nilidhani ukijua utaniacha, nikaacha lango, nikawaangusha wenzangu, nikakuchafua. Kukutazama siwezi."

"Umekuja kusema hayo tu?"

"Na kuaga. Nipe mwaka mmoja. Niache kwanza ile kazi, nijirekebishe, nirudi nikiwa mtu wa kusimama mbele ya mama yako."

"Mwaka mzima?"

"Sistahili sasa, Fundi. Nimeharibika. Acha nikae pembeni mpaka nitengenezeke."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akavua utepe shingoni, akamsogelea mpaka pua yake ikakunjamana, na bado hakurudi nyuma.

"Ule mtambo wenu," aliuliza, "mmeufunga ili muutengeneze?"

"Haufungiki, nilikwambia. Lakini mimi..."

"Basi na wewe hufungwi. Utatengenezwa ukiwa kazini. Nyanyua mikono nikupime."