Picha Iliyokubali Jina la Kigen

Picha ilipiga chafya mchana kweupe, mbele ya mwanamke mwenye akili zake timamu, na kamasi ikamrukia shavuni.

Mwanamke huyo aliitwa Jerono, mke wa Hiram Ndirangu, mwenye duka la picha na fremu nyuma ya soko la Kitale. Hiram alikata mbao na kuunga fremu uani. Jerono alikaa dukani, na kazi yake ilikuwa kuzipa picha majina na kuziwekea kumbukumbu. Kila picha iliyoingia aliipiga picha kwa simu, akaipima, akaipa nambari, akaingiza yote kwenye kompyuta, kisha akabandika kijikaratasi chenye jina nyuma yake. Mchoraji wao, Wepukhulu wa Bumula, alikuwa mtu wa kushusha picha kwenye pikipiki na kuondoka. "Mimi nachora," alizoea kusema. "Jina ni shauri yenu."

Sasa, namna Jerono alivyochagua majina ndiyo iliyoleta balaa. Kwao Kapsokwony, huko mlimani, mtoto akizaliwa, kina mama wazee humzunguka wakitaja marehemu wa ukoo, jina baada ya jina, huku wakimsogezea ugoro puani. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Jerono aliugeuza utaratibu huo kuwa mchezo wa dukani. Alisimama mbele ya picha mpya akiwataja marehemu wa kwao mmoja mmoja, huku tapentaini na vumbi la mbao vikimwasha pua, na jina lililomkuta akipiga chafya ndilo aliloliandika. Wateja walipenda. Picha ya soko la Chwele ikaitwa Cherop, ya ng'ombe mtoni ikaitwa Chemutai, na watu wa mahoteli wakanunua bila maswali.

Lakini kwenye kumbukumbu za Jerono jina halikurudiwa, na marehemu wa ukoo wana mwisho; wakiisha leo hawaongezeki kesho. Siku hiyo mbele yake palikuwa na picha ya mzee aliyeketi kando ya mafiga, midomo ameifunga, tumbo limeshikana na mgongo. Jerono alitaja majina yote yaliyobaki, pua yake ikakaa kimya. Ndipo kwa utundu tu akataja lile ambalo nyanyake hakulitaja bila kutema mate.

"Kigen."

Kwao Kigen alijulikana kwa jambo moja. Mwaka wa njaa alificha nyama kavu, akaila peke yake, na wanawe wakafa akiwasikia. Hakuna mtoto aliyewahi kuitiwa jina hilo. Kina mama waliliruka kila mara. Jerono aliyajua yote hayo, na bado alilitaja, kwa kuwa picha ni picha, itamfanya nini mtu?

Chafya ikatoka kwa yule mzee wa kuchorwa. Ilikuwa nzito, yenye mkoromo ndani yake, na kilichomrukia Jerono kilikuwa cha moto, kizito, cha kijani chenye nyuzi, nacho kikamteremka taratibu hadi kwenye kona ya mdomo.

Na hapa ndipo mimi huwa nakasirika. Mtu mwingine angekimbia. Jerono alijifuta kwa leso, akatapika kidogo kwenye pipa la taka, akajiambia ni vanishi imetumbuka, akarudi kwenye kompyuta na kuandika kwenye nafasi ya jina: Kigen. Kisha akambandikia kijikaratasi chake nyuma, kama kawaida.

Harufu ilianza baada ya hapo. Ilikuwa harufu ya kibuyu cha maziwa kilichosahauliwa, na chini yake harufu ya jino bovu.

"Baba Beth, hii duka inanuka," Jerono akamwambia mumewe.

"Si ni panya amekufa pahali."

"Na panya aliyekufa anacheua? Mimi nimesikia mtu akicheua hapa ndani."

Hiram akacheka, akasogeza makabati yote, hakupata panya. Alichopata ni utelezi. Sakafu chini ya ukuta wa picha ilikuwa na ute unaonata kwenye soli za viatu, na alipoupangusa ukavutika kama mlenda na kukataa kuachia kitambaa.

Jerono ndiye aliyegundua la pili, kwa sababu ya kumbukumbu zake. Mteja alitaka kuona picha ya jamaa wakila kuku kwa ugali, Jerono akaishusha ukutani, akaona sahani ina mifupa mitupu. Akafungua picha aliyoipiga kwa simu siku ilipoletwa. Kuku alikuwepo mzima, na mapaja yake, na mchuzi wake. Akaanza kulinganisha moja baada ya nyingine. Kwenye picha ya soko, ndizi zilikuwa zimebaki maganda. Kwenye picha ya shamba, mahindi yalikuwa yametafunwa yakabaki magunzi, na kila palipoliwa pamelowa, panang'aa mafuta, pananuka.

Wepukhulu akaitwa kutoka Bumula. Alikuja akidhani ameitiwa lawama, akainama kwenye ile sahani ya kuku. Akapitisha kidole, akakinusa, akakifuta kwenye suruali haraka.

"Rakini Mama Beth, hii si brashi," akasema kwa sauti ya chini. "Hii ni meno."

"Usiniambie hivyo, bana."

"Na huyu mzee mimi nirichora mdomo imefungwa. Na hiyo tumbo si yangu."

Wote watatu wakageuka. Mdomo wa Kigen ulikuwa wazi. Ufizi wake ulikuwa mweusi wenye vidonda, na kati ya meno palining'inia unyoya wa kuku. Kitambaa cha picha, mahali penye tumbo, kilikuwa kimefura kuja mbele, nje ya fremu, na Hiram alipokigusa kwa kiganja alikuta ni cha moto, chenye jasho, na ndani yake kitu kikajigeuza. Wepukhulu alitoka akapanda pikipiki yake bila kuaga, na tangu hapo simu yake haikupokelewa.

Hiram hakuwa mtu wa mchezo. Alimleta mchungaji wa kanisa lao, mtu mzuri, akaomba kwa nguvu hadi shati likalowa. Waliposema amina, picha ikacheua, na pumzi yake ikawaingia wote vinywani. Mchungaji akasema ana mazishi Bungoma, ataendelea kuwaombea akiwa huko.

Yote hayo yangevumilika. Picha zilizoharibika zingeweza kuchorwa upya. Lakini palikuwa na picha moja pale ukutani ambayo haikuwa ya kuuzwa, picha ya binti yao wa miaka mitano, nayo ndiyo pekee iliyopewa jina la mtu aliye hai. Iliitwa Beth, kama mtoto mwenyewe, aliyeitwa hivyo kwa nyanyake mzaa baba.

Asubuhi moja Beth alikataa kushika kikombe cha uji.

"Mum, guka ananilamba," akasema, akitumia neno la kwao baba kwa babu.

"Guka gani?"

"Guka wa dukani. Ananilamba vidole. Ati mimi ni mtamu."

Jerono alivishika vidole vya mtoto. Vilikuwa vyeupe, vimejikunja kama vilivyokaa majini kutwa nzima, na vilinuka jino bovu. Akakimbia dukani bila viatu, utelezi ukimrukia vifundoni, akaishusha picha ya Beth, na pale kwenye mkono wa kulia, ule ambao Wepukhulu aliuchora umeshika ua, ua lilikuwa limeshaliwa, na ncha za vidole zilikuwa zimefyonzwa rangi hadi uzi wa kitambaa ukaonekana, na mate, mate mengi ya moto yaliyojaa chembechembe za vyakula vyote vilivyopotea kwenye picha zile, yalikuwa bado yanatiririka kuelekea kwenye kiwiko.

Wakaificha ile picha chumbani kwao, chini ya kitanda. Haikusaidia kitu. Beth alikula akamaliza, akaongezwa akamaliza, na bado mbavu zikahesabika. Hiram kwa hasira akambeba Kigen hadi uani, akammwagia mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Moto uliposhika pembe ya fremu, Beth alipiga yowe ndani ya nyumba kwamba anaungua, na kweli begani palikuwa na malengelenge. Hiram aliuzima ule moto kwa mikono yake mwenyewe huku akilia kama mtoto.

Ndipo Jerono akampigia simu senge Linah, yaani shangazi yake, dada ya babake, aliyebaki miongoni mwa kina mama wanaojua kuitia watoto majina. Mama huyo alikuja kutoka Kapsokwony na begi dogo na kisanduku cha ugoro. Alisimama mlangoni mwa duka, akavuta harufu, akatema mate nje.

"Nani alimwita?" akauliza.

"Ni mimi, senge. Nilikuwa nacheza."

"Unacheza na hiyo kitu? Watoto wote tumezalisha kwa hiyo mlima, umewahi kusikia mtu akitaja huyo?"

"Hapana, senge."

"Na alipokubali, chafya yake ilienda wapi?"

Jerono akagusa shavu lake, pale kwenye kona ya mdomo.

 Mama Linah akamwambia Hiram amshike mtoto, akae naye uani. Kisha akamwagiza Jerono abandue kile kijikaratasi cha nyuma na alifute jina kwenye kompyuta. Jerono akafuta. Kigen hakushtuka. Tumbo lake likanguruma tu, kwa uvivu.

"Hiyo ilikuwa ya kumfungulia mlango," mama Linah akanong'ona. "Sasa kutoka hawezi toka kama hana anayemvuta. Ni mdomo wako ulimwita, ni mdomo wako utamrudisha. Hayo mate yake yote, utalamba."

"Senge, siwezi."

"Basi ngoja amalize mtoto."

Kutoka uani ilisikika sauti ya Beth ikimwambia babake kwamba guka sasa amefika kwenye kiwiko.

Jerono akapiga magoti mbele ya picha, akafumba macho, akatoa ulimi. Nasema jambo hili kwa kuwa lazima lisemwe. Alianzia chini, kwenye miguu ya mzee, ambako ute ulikuwa umeganda kama ukoko wa uji, akaulainisha kwa mate yake na kuumeza, akapanda hadi tumboni, na ngozi ile haikuwa tena kitambaa wala rangi bali ngozi, ya moto, yenye vinyweleo na jasho la chumvi, ikimtetemekea ulimini kwa raha, naye akameza mchuzi wa kuku ulioharibika na ndizi zilizochacha na vitu asivyovijua majina, akitapika na kurudia, akitapika na kurudia, kwa sababu kila alichotapika mama Linah alimwonyesha kwa kidole kwamba nacho hicho, hadi akafika mdomoni, kwenye ule ufizi wenye vidonda, na pale mzee akafungua kinywa zaidi na kumngojea. Jerono alimfikiria mwanawe, akalamba na hapo.

Kisha harufu ikakatika, ghafla. Alipofumbua macho, pale mbele palikuwa na mafiga na ukuta wa udongo, na kigoda kitupu. Kitambaa kilikuwa kikavu.

"Ameenda wapi, senge?"

"Mlimani, kwa wenzake," mama Linah akajibu. Alikuwa akifunga kisanduku chake, wala hakumtazama machoni.

Beth akapona. Vidole vilirudisha rangi, mashavu yakajaa, kicheko chake kikarudi uani. Hiram alipaka duka chokaa upya. Wepukhulu akashawishiwa kurudi, akachora kuku mwingine. Ile picha ya kigoda kitupu Jerono aliiwekea kumbukumbu upya, na kwenye nafasi ya jina akaandika: Haina jina. Kuanzia hapo picha zote zilizoingia dukani ziliitwa kwa kile kinachoonekana ndani yake, Ng'ombe Mtoni, Wanawake Sokoni, na wateja waliolalamika walijibiwa kwamba ndivyo yalivyo.

Jumapili moja baada ya kanisa Jerono alikuwa ameketi kizingitini akipumzika. Beth, katika gauni lake la njano, alikuja mbio kutoka langoni akajirusha mapajani mwa mamake na kumkumbatia shingo. Alikuwa mzito sasa, mnene, mwenye joto, na shingo yake ilinukia mafuta ya kujipaka na jasho kidogo la kukimbia.

Mate yakamjaa Jerono kinywani.

Akameza. Yakajaa tena, mengi zaidi, yakamtoka kwenye kona ya mdomo na kudondoka begani mwa mtoto.

"Mum, unanilowesha!" Beth akasema akicheka.

Jerono alimtoa mikononi kama mtu anayeweka chini chombo kilichojaa. Akainuka, akaenda hadi uani, akasimama mbali na mumewe.

"Baba Beth, mpeleke mtoto Bungoma kwa dada yako."

"Kufanya nini? Si shule zinafungua kesho."

"Mpeleke leo. Na usiniambie wanaishi mtaa gani."

Hiram akainua macho kutoka kwenye mbao. Alimwona mkewe akitema kwenye vumbi la msumeno, tonge zima la mate la kijani, lenye nyuzi. Hakuuliza tena. Alimvalisha Beth sweta, akampandisha pikipiki mbele yake, na walipofika langoni mtoto akageuka akampungia mamake, akangoja naye apungiwe. Jerono hakuweza kumpungia. Mikono yake yote miwili ilikuwa imebana mdomo usifunguke.